Mama Vidole na Maneno Manne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko na watoto, wape kitu cha kuchezea, maana habari ya leo inataka sikio zima, nusu haitoshi.

Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande wa kushoto. Alifanya kazi miaka tisa katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Yeye mwenyewe aliishi na virusi hivyo miaka ishirini na miwili. Hakuficha alipokuwa hai, na familia yake imetuomba tusifiche leo. Pale kliniki walimwita Mama Vidole. Tumempoteza Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Mama Vidole alikuwa akipima kumbukumbu za watu. Hapa naomba tuelewane. Hakuwa akipima wazimu. Hakuwa akisaka vichaa, ingawa wenye midomo yao walisema hivyo. Virusi hivi, wasikilizaji, vinaweza kuugusa ubongo polepole, hata kwa mtu anayemeza dawa zake vizuri. Mtu anaanza kusahau. Anakuwa mzito wa kufikiri na mwepesi wa hasira. Jirani anasema ni uvivu, mke anasema ni dharau, bosi anasema ni pombe. Kumbe mtu anaumwa, na akigunduliwa mapema kuna la kufanya. Kazi ya Mama Vidole ilikuwa hiyo, kugundua mapema.

Kipimo chake hakikuwa na sindano wala mashine. Unakaa mbele ya meza yake. Anakusomea maneno manne, anakuambia uyashike kichwani. Kisha unagonganisha kidole gumba na kidole cha shahada, haraka haraka, yeye akitazama saa. Hapo ndipo jina lake lilipozaliwa. Hakujaliwa mtoto, na mwenyewe alitania kwamba vidole vya watu ndivyo vilivyompa umama. Kisha unapiga meza ngumi, unalaza kiganja, unasimamisha mkono kwa ubavu, unarudia kwa mpangilio ule ule. Mwisho anakuuliza: yale maneno manne ni yapi? Alama kamili ni kumi na mbili. Ukipata kumi au chini ya kumi, unapelekwa kwa daktari akuchunguze zaidi. Ukizidi kumi, anaandika "sawa", anakupa nakala ya karatasi, mnaonana mwakani.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: ndoo, kunguru, njano, karanga. Nayataja polepole kwa sababu nusura yaue mtu.

Kabla ya kliniki, Mama Vidole alikuwa karani wa masjala. Faili likipotea alikuwa hali chakula mpaka lipatikane. Aliposikia kliniki inatafuta mtu anayeishi na virusi, anayejua kuandika vizuri na asiyeogopa watu, aliomba akapata. Wakamfundisha kipimo kwa siku tatu. Yeye akaona siku tatu hazimtoshi. Akaenda kufanyia mazoezi nyumbani kwa kaka yake.

Kaka yake huyo ni fundi umeme, naye pia anahudhuria kliniki ile ile. Mama Vidole alikuwa na utaratibu wake. Akiwa na furaha na kaka yake, alimwita Fundi. Akiwa na neno zito, alimwita Kaka. Jioni saba mfululizo alikaa naye sebuleni, saa mkononi, akimsomea maneno. Wifi yake, mke wa Fundi, alikuwa pembeni akipiga pasi.

"Usinizungushe, nimeshayajua," Fundi alimwambia jioni ya tatu. "Ndoo, kunguru, njano, karanga. Nipe cheti changu."

"Cheti cha nini?"

"Cha akili. Nimwonyeshe huyu hapa anayesema sina."

Wifi akacheka, pasi ikabaki hewani. Ilikuwa nyumba ya utani, wasikilizaji. Nyumba ya watu waliokuwa wakipendana.

Miaka ikaenda. Wagonjwa wakarudi kila mwaka, wakakaa kwenye meza ile ile, wakasomewa maneno yale yale. Karatasi ya kipimo ilikuwa moja tu, iliyotolewa nakala mpaka herufi zikaanza kufifia. Pale kwenye mabenchi ya kusubiri pakazuka salamu. Mmoja anaingia anasema, "Ndoo kunguru." Wenzake wanaitikia, "Njano karanga." Wageni walidhani ni lugha ya watu fulani. Mama Vidole alicheka nao. Alifurahi kwamba hawaiogopi meza yake. Wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani huwakumbuka wahenga wakati wa kucheka?

Basi tufike mwaka wa sita.

Fundi alikuwa amebadilika. Aliacha jiko la gesi likiwaka, akatoka. Alimjibu mkewe maneno ambayo hakuwahi kumjibu tangu waoane. Alirudi dukani mara mbili kununua kitu kile kile, akamgombeza muuza duka. Mkewe akamwendea Mama Vidole. "Wifi, mpime kaka yako, sielewi anavyokwenda." Mama Vidole akampima. Vidole vilikuwa vizito, aliliona hilo kwa macho yake, akajiambia ni vidole vya fundi, vimekomaa. Ngumi, kiganja, ubavu, vikaenda bila kosa. Maneno manne, yote. Alama kumi na moja kati ya kumi na mbili. Akaandika "sawa". Akamwambia wifi yake aondoe wasiwasi.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi asubuhi, Fundi na mwenzake walikuwa wakibadilisha nyaya katika kiwanda cha mikate. Fundi alizima swichi kuu. Akatundika kibao chake chekundu kinachosema USIWASHE. Kila kitu kwa utaratibu. Mwenzake akapanda ngazi, akashika ncha mbili za waya juu ya tanuri. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamesimama wakisubiri umeme urudi, na ndio walioona yaliyofuata. Fundi aliweka koleo chini. Akatembea taratibu mpaka kwenye swichi. Akakitoa kile kibao chekundu, akakitia mfukoni. Akawasha.

Mwenzake alirushwa kutoka kwenye ngazi. Magunia ya unga yakampokea. Hayo magunia ndiyo yaliyomfanya awe hai leo, ingawa mkono wake wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Na wa kwanza kumfikia alikuwa Fundi. Alikimbia, akapiga magoti kwenye unga, akapaza sauti, "Nani amewasha? Nani amewasha?"

Watu wakamtazama. Mmoja akamwambia, "Ni wewe."

"Mimi sijaondoka hapa," Fundi akasema. Kibao kilikuwa mfukoni mwake.

Walimnusa mdomo, wakatafuta harufu ya pombe, hawakuipata. Hata hivyo alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Ijumaa mkewe alipanga nguo za mumewe kwenye begi, akaliweka karibu na mlango. Jumamosi mchana kikao kikakaa sebuleni. Walikuwa wanne: Fundi, mkewe, Mama Vidole, na yule fundi mwenzake, mkono ukiwa kwenye bandeji nyeupe iliyofungwa shingoni.

Mwenzake ndiye aliyeanza. "Mimi sikuja kumshtaki mtu," alisema. "Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Nataka aseme kweli tu. Aseme, nilipitiwa, nisamehe. Basi. Lakini anavyoniangalia machoni na kusema hakuwasha, hapo ndipo anaponiua."

"Sikuwasha," Fundi akasema. "Niseme nini zaidi?"

Hapo Mama Vidole akafungua mkoba. Alikuwa amekuja kumtetea kaka yake, na alikuwa amekuja na silaha. Akatoa nakala ya karatasi ya kipimo, akailaza mezani. "Kaka yangu si mlevi na akili yake iko timamu," alisema. "Nimempima mwenyewe wiki tatu zilizopita. Kumi na moja kati ya kumi na mbili."

Mkewe Fundi aliitazama ile karatasi kwa muda. Nilipozungumza naye juzi, alikuwa bado anayakumbuka maneno yake. Hivi ndivyo alivyosema siku ile: "Basi afadhali nimejua. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba mume wangu anaumwa. Kila aliponitukana, najiambia anaumwa. Kila alipoacha gesi wazi, anaumwa. Kumbe wifi una karatasi. Kumbe haumwi. Ana akili timamu, na kwa akili timamu amewasha umeme mtu akiwa juu ya ngazi, halafu anadanganya. Begi lake lile pale."

Wasikilizaji, muone jambo lilivyogeuka. Karatasi iliyoletwa kumwokoa mtu ndiyo iliyomfunga. Fundi ndiye aliyejaribu kumsaidia. Akatabasamu tabasamu lake la zamani, akainua mkono. "Waambie, mdogo wangu. Ndoo, kunguru, njano, karanga. Niko sawa."

"Hayo hata mimi nayajua," mkewe akasema bila kumtazama. "Ndoo, kunguru, njano, karanga. Sijawahi kukaa kwenye hiyo meza ya wifi. Nimeyasikia hapa hapa nikipiga pasi. Hata kasuku, kama tungefuga kasuku, angepata cheti."

Lilikuwa dongo la wifi kwa wifi. Mnayajua madongo hayo, huwa tunayarudisha au tunayaacha yapite. Hili Mama Vidole hakuweza kulirudisha wala kuliacha lipite. Baadaye alimsimulia msimamizi wake kwamba hapo ndipo alipozikumbuka zile jioni saba. Alimtazama kaka yake na kwa mara ya kwanza akamwona kama mgonjwa wake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaka," alisema. Fundi akaacha kutabasamu, maana alijua maana ya neno hilo. "Nitakupa maneno mengine. Sikiliza vizuri. Mlango. Sungura. Kijani. Limau. Yarudie."

"Mlango, sungura, kijani, limau," Fundi akasema. "Rahisi."

"Sasa vidole."

Fundi akagonganisha vidole. Mama Vidole alitazama saa, na safari hii hakujidanganya. Vidole vilikuwa vikipotezana. Ngumi, kiganja, ubavu. Akamuuliza habari za mpira, akamuuliza habari za mvua, dakika zikapita.

"Haya, Kaka. Nitajie yale maneno."

Fundi akajibu haraka, kwa furaha ya mtu anayejua jibu. "Ndoo, kunguru, njano, karanga."

"Hapana. Yale mapya."

Fundi akamtazama mdogo wake. Akamtazama mkewe. Akamtazama mwenzake na ile bandeji. "Mapya yapi?" akauliza.

Mkewe akakaa chini, pale pale sakafuni, karibu na begi. Fundi mwenzake aliinamisha kichwa, akalia bila aibu. Alituambia alikuwa analia kwa sababu siku mbili alikuwa amemchukia mtu aliyekuwa akisema kweli yake. Fundi kweli hakukumbuka kuwasha. Hakuwa amedanganya hata mara moja.

Jumatatu asubuhi Mama Vidole alimpeleka kaka yake kwa daktari. Hapo, wasikilizaji wapendwa, angeweza kuishia. Watu wengi tungeishia hapo. Kaka ameonekana, kaka atatibiwa, yaishe. Lakini yeye alitoka kwa daktari akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mafaili. Miaka sita ya karatasi, zote kwa mwandiko wake mzuri wa masjala. Sawa. Sawa. Sawa. Wagonjwa mia moja themanini na watatu, na karibu wote sawa. Mwaka uliotangulia mkubwa mmoja alikuwa ametembelea kliniki, akazisifu namba hizo mbele ya watu wote. Sasa Mama Vidole alikuwa akizipitia upya moja moja. Wangapi kati ya hawa walikuwa na kumbukumbu, na wangapi walikuwa na mazoea tu?

Muuguzi msimamizi wa kliniki ametuomba tumwite Sista, kama kila mtu amwitavyo. Alimkuta Mama Vidole amekaa sakafuni katikati ya mafaili.

"Kaka yako ameshaonwa na daktari," Sista alimwambia. "Sasa unatafuta nini tena?"

"Nataka waitwe wote, Sista."

"Wote kina nani?"

"Wote nilioandika sawa."

Sista hakujificha alipozungumza nasi. "Nilimkasirikia," alisema. "Niliogopa jina la kliniki. Nikamwambia, tubadilishe maneno kimya kimya. Kila mtu akija kwa tarehe yake ya mwaka, tunampima kwa maneno mapya. Ndani ya mwaka mmoja tumemaliza wote, na hakuna atakayejua." Tukamuuliza, Mama Vidole alijibu nini? "Aliniambia, mwaka mmoja ni mrefu, Sista. Kaka yangu alihitaji Alhamisi moja tu."

Sista akamkumbusha kwamba wakubwa wataitupa kazi yake yote, na yeye watamtoa mezani. Mama Vidole akasema, wanitoe. Msidhani hakuogopa. Meza ile ilikuwa maisha yake. Watu waliokuwa wakimpita barabarani zamani, wakimsengenya kwa ajili ya ugonjwa wake, walikuwa wakimsalimia kwa heshima kwa ajili ya meza ile.

Kesho yake, mabenchi yakiwa yamejaa, Mama Vidole alitoka akasimama mbele ya watu. Akasema, "Ndoo kunguru."

"Njano karanga," wakaitikia kwa pamoja, wakicheka. Watu arobaini hivi. Yeye hakucheka. Kicheko kikakatika kidogo kidogo, kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma.

"Mmefaulu wote," akasema. "Na hilo ndilo tatizo letu. Nimewapima kwa maneno mnayoyajua kama majina yenu. Karatasi nilizowapa, msizitegemee. Kosa ni langu. Nawaomba mrudi mpimwe upya, mmoja mmoja, kuanzia leo."

Akasimama dereva mmoja wa lori, mtu mkubwa, funguo zikining'inia kidoleni. "Ngoja nikuelewe," alisema. "Mimi ni mzima au si mzima?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Uliniandikia niko sawa."

"Niliandika kwamba najua. Sikuwa najua."

Dereva akatoka, akaubamiza mlango. Mama mmoja akasema alikuwa amempelekea mwajiri wake karatasi ile, sasa aende akamwambie nini? Mwingine akasema, "Ulikuwa unacheka na sisi." Maneno hayo yalimwingia Mama Vidole kuliko yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Alibaki amesimama mpaka wa mwisho aliposema lake. Mchana wake aliondolewa mezani, kama Sista alivyosema. Wiki kumi na moja alibeba mafaili kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na watu aliowajua kwa vidole vyao walimpita bila salamu.

Upimaji upya ukafanyika. Kati ya watu mia moja themanini na watatu, ishirini na sita walipata alama kumi au chini ya hapo. Nairudia namba hiyo: ishirini na sita, na wote walikuwa na karatasi ya "sawa". Daktari aliwachunguza mmoja mmoja. Si wote waliokuwa wameguswa ubongo na virusi. Wengine ilikuwa presha. Wengine ilikuwa sonona, huzuni ile nzito inayokaa kifuani mpaka ikafunga kichwa. Wengine walikuwa kwenye dawa ya zamani iliyokuwa ikiwachanganya. Kila mmoja alipata njia yake. Yule dereva wa lori alirudi wiki ya tatu bila kuitwa. Akaweka funguo mezani kwanza, kisha akakaa. Naye alikuwa mmoja wa wale ishirini na sita. Aliacha usukani miezi mitano, akatibiwa, akarudi barabarani.

Na Fundi? Daktari alimbadilishia dawa moja, akaitibu presha iliyokuwa imepanda bila yeye kujua. Hakupona kabisa, tusidanganyane. Ukungu ulipungua, haukuondoka. Hasira zilishuka. Nyaya zenye umeme hakuzigusa tena, alikubali mwenyewe. Sasa anatengeneza pasi na feni kwenye kibaraza cha nyumba, na fundi mwenzake hupita kila Jumamosi, na ule mkono wenye kovu, kukagua kazi. Ana daftari mfukoni la kuandika kila analotaka kukumbuka. Mkewe alitoa nguo kwenye begi akazirudisha kabatini. Nilimuuliza kama alimsamehe mumewe. "Nimsamehe nini?" akaniuliza. "Msamaha ni wa mwenye kosa. Mimi ndiye niliyemwomba radhi, kwa yale matusi niliyomrudishia."

Baada ya zile wiki kumi na moja, ni wagonjwa wenyewe waliomtaka Mama Vidole arudi mezani. Sista anasema dereva wa lori ndiye aliyeongea kwa niaba yao. Mama Vidole akarudi na kopo la biskuti lililojaa vikaratasi, maneno manne kwenye kila kikaratasi, na mgonjwa hapimwi kwa kikaratasi kimoja mara mbili. Aliwakataza wapimaji wapya kufanyia mazoezi nyumbani. Na aliongeza swali moja lisilokuwa kwenye karatasi, analoulizwa mtu aliyemsindikiza mgonjwa: "Nyumbani mnamwonaje?" Alisema swali hilo amejifunza kwa wifi yake, na kwamba katika ukoo wao mpimaji wa kwanza alikuwa yule aliyeshika pasi. Wifi akisikia hivyo alikuwa anamwambia asijikombe.

Miaka mitatu alifanya kazi hivyo. Jumatatu ya wiki iliyopita alilalamika kifua kinambana. Wakampeleka hospitali mchana. Moyo ulikuwa umechoka, daktari alisema. Jumanne asubuhi, kabla ya saa tatu, alifariki dunia, wifi yake akiwa amemshika mkono.

Kwa niaba ya kipindi hiki, tunampa pole kaka yake, Fundi. Tunampa pole wifi yake, ambaye amefiwa na mtu wa kutaniana naye. Pole kwa Sista na kwa wote wa mabenchi yale. Na kwako wewe unayesikiliza, nina ombi. Huenda nyumbani kwako yuko mtu unayemwita mvivu. Unamwita mwenye dharau, au mwongo. Huenda ni kweli. Lakini umeuliza? Umempeleka? Na wewe mwenye kazi ya kuandika neno "sawa" mbele ya jina la mtu, iwe hospitali, iwe shule, iwe kiwandani, unapoliandika unajua, au umezoea tu?

Neno la mwisho tunamwachia Fundi. Jumatano, siku moja baada ya msiba, ilikuwa tarehe yake ya kupimwa. Iliandikwa kwenye daftari lake. Alivaa shati safi akaenda. Mpimaji aliyekuwa mezani ni binti aliyefundishwa na Mama Vidole mwenyewe, macho yakiwa yamevimba kwa kulia. Akamwambia, "Baba, tuahirishe." Fundi akamuuliza, "Yeye angeahirisha?" Basi binti akatoa kikaratasi kwenye kopo, akamsomea. Vidole. Ngumi, kiganja, ubavu. Wakazungumza habari za mazishi, dakika zikapita. Kisha akamuuliza yale maneno.

Fundi akataja la kwanza. Akataja la pili. La tatu alilitafuta mpaka jasho likamtoka, akalipata. La nne halikuja.

Mkewe alikuwa akimsubiri nje, akamuuliza amepata mangapi. Akamwambia, "Matatu. Yale manne ya zamani yalikuwa ya mdogo wangu. Haya matatu ni yangu."